Theonest Byabato na Vidonge Vilivyong'aa Mno

Poleni na tope, ndugu zetu mliofika Chang'ombe kumsindikiza Theonest Byabato. Alizaliwa Kamachumu, Bukoba, tarehe 4 Juni 1911, akasoma shule ya misheni hukohuko hadi darasa la sita.

Mwaka 1934 alifika Dar es Salaam, akaajiriwa hospitalini kuchanganya dawa. Mwaka 1938 alimwoa Genoveva, aliyezoea kumpokea akiwa mweupe mpaka kope. "Baba Jovina, oga kwanza. Unga gani huu usiopikika?"

Mwaka 1950 alihamia karakana ya vidonge hapa Chang'ombe. Kazi yake ilikuwa kutia stearati, unga laini usiotibu kitu, lakini bila huo dawa hunata mashineni. Hutiwa mwisho na kukorogwa kidogo tu. Marehemu alipenda vidonge vyake ving'ae. Mei 1953 akaliacha pipa lizunguke kupita kawaida, na kwinini ikatoka inameremeta.

Siku ya nne Mzee Kondo wa Mtoni alimfuata na kidonge kwenye leso.

"Bwana Theonest, umenipa dawa au kokoto? Mwanangu Mwajabu kaitapika nzima. Ukiipangusa, waiuza tena!"

Marehemu alikitia majini, akangoja. Hakikulainika. Unga ule, kwa kukorogwa mno, ulikuwa umeivika dawa ngozi isiyopitisha maji.

"Nyamaza," msimamizi alimwambia, "mzigo umeshatoka."

"Homa haijanyamaza, bwana," akajibu, akatoka.

Siku tatu, mvua ikinyesha, alipita Mtoni nyumba kwa nyumba kukusanya vidonge. "Hodi, mama. Kosa ni langu." Wengine wakamcheka: "Mganga gani huyu anayenyang'anya dawa!" Mwajabu naye, marehemu alimtafutia kwinini ya maji, akakaa naye mpaka mtoto akaomba uji. Kazini hawakumtaka tena.

Akahudumu zahanati ya misheni. Akirudi nyumbani hakusema amechoka, alivua viatu mlangoni, akakaa hapohapo mpaka aitwe kula.

Mwaka jana miguu ilivimba, figo zikashindwa. Alifariki Jumanne, 11 Machi 1958, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na sita.

Ameacha mjane, Genoveva. Watoto Jovina, Alfonsi na Anastasia. Na dada yake Kokushubila, aliyeko Bukoba. Mzee Kondo ameomba Mwajabu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, aandikwe chini ya Anastasia katika orodha ya watoto. Tulimtazama Genoveva. "Mwandikeni," akasema. Tumemwandika.

Umetembea vya kutosha, Theonest. Pumzika sasa, kwa amani ya Bwana.