Trela ya Kulala Matangani

Wakiwa kwenye treni ya Makadara, wakienda kununua trela ya kulala, Adhiambo alimkazia mumewe, Okinyi, macho. Ijumaa wangemzika baba mkwe wake, na kwa desturi yao Okinyi, mwana mkubwa ambaye hakuwa amejenga nyumba kijijini, hangelala kwa babake.

"Tuchukue ile nyeupe. Inang'aa," Okinyi alisema.

"Inang'aa rangi, Baba Whitney. Juzi tulipoziangalia nilikanyaga sakafu yake ikabonyea. Ile ya kijivu imechomelewa kila kiungo."

"Ile ni kibanda cha kuku! Ndugu zangu watacheka."

"Watacheka zaidi mvua ikitutoa humo, tukabishe hodi kwa mama yako."

Abiria wa mbele akageuka bila kualikwa. "Kwani hukugawiwa shamba, mzee?"

"Aligawiwa," Adhiambo alijibu, "hata kabla hajanioa."

Treni iliposimama, Okinyi alikuwa wa kwanza kushuka.