Mzee Sipriani Likwata, Mfunga Tai wa Kitomanga

Baba Paroko, Sheikh wetu wa kijiji, mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, majirani na ninyi nyote mliofunga safari kuja kutushika mkono, mimi ni Yustina, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu, na najua wengine mnaulizana kwa nini wasifu huu asome binti wakati kaka zake wawili wamesimama pale na miwani yao ya kusomea, basi tulieni, sababu ipo na nitaifikia, na niwaombe radhi mapema kwamba humu mna mambo ya kuchekesha, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hivyo, na aliyenikataza kuyaondoa ni mama.

Baba yetu, Sipriani Klementi Likwata, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika kitongoji cha Namakoro, kwenye vilima vya Umatumbi, Wilaya ya Kilwa, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Klementi Likwata na Bibi Yustina, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akabatizwa mwezi huohuo, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1960 hadi 1966 alipomaliza darasa la saba, kisha akabaki nyumbani akilima mpunga na mahindi pamoja na wazazi wake, na kwa miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kugusa tai kwa mkono wake, aliiona tu shingoni mwa Mwalimu Bakary, aliyekuwa mwalimu mkuu na mtu pekee kijijini mwenye kitu hicho.

Ndoa yake na mama yetu Rosa, huyu aliyeketi hapa mbele, ilifungwa Jumamosi tarehe 27 Septemba 1975 katika kanisa la kigango, na Mwalimu Bakary, ambaye siku hiyo alikuwa na safari, alimwazima baba tai yake ya bluu yenye mistari myeupe, akaiacha ikiwa imeshafungwa kabisa, na maagizo yakawa mafupi, kwamba ipitishwe kichwani, fundo lisukumwe juu, na mtu yeyote asiliguse zaidi ya hapo. Asubuhi ya harusi, msimamizi wa bwana harusi, rafiki yake Mzee Anthony, ambaye Mungu amemjalia uzima na yuko pale ameinamisha kichwa, aliitazama ile tai akaona ina mikunjo, akaona haya bwana harusi aingie kanisani na kitu kilichojikunja, basi kwa moyo safi kabisa akalifungua fundo lote, akawasha mkaa, akaipiga tai pasi mpaka ikanyooka. Lo! Walipotaka kuirudisha ilivyokuwa, hakuna aliyejua pa kuanzia, katekista alijaribu akashindwa, Padre akaitwa kutoka sakristia akasema yeye kwa kola yake hajawahi kuhitaji elimu hiyo, na mama akasimama nje ya kanisa saa nzima na nusu akiwa na shela lake, vigelegele vikaisha, watu wakaanza kunong'ona kwamba bwana harusi amebadili mawazo.

Mwishowe Mzee Anthony akamfunga baba fundo analolijua, lile la kumfungia mbuzi malishoni, na ndoa ikafungwa, ila ninyi mliowahi kufuga mnajua fundo lile linavyofanya, kila unapovuta linakaza, na baba kila akipiga magoti lilikaza, akiinuka lilikaza, hata ilipofika saa ya chakula pilau haipiti kooni na macho yamemtoka, ndipo mama akaomba mkasi, akakunja kola, akaikata tai kwa nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya mama katika ndoa yake, kumkata mumewe kitanzi, na kwa miaka arobaini na tisa hakuacha kumkumbusha.

Baba alituambia mara nyingi kwamba aibu ya siku ile haikuwa ya kukabwa, ilikuwa ya kumwona mwanamke aliyempenda amesimama juani akidhaniwa ameachwa, kwa sababu tu kijiji kizima hakikuwa na mtu mmoja wa kufunga kipande cha kitambaa. Aliipeleka tai iliyokatwa kwa Mwalimu Bakary huku jasho linamtoka, na Mwalimu akakizuia kicheko chake, akamwambia abaki nayo, aishone, lakini ajifunze kuifunga, na akishajua asiwe mchoyo.

Januari 1976 baba alikwenda Lindi mjini kujifunza ufundi wa mashine za kupulizia dawa ya mikorosho, akapangishwa Rasbura nyumbani kwa Mzee Abdulrahmani, mjomba wa Mwalimu Bakary, aliyekuwa karani wa mahakama, mtu aliyefunga tai kila asubuhi mbele ya kioo akitoka swala, na baba akaomba ruhusa ya kusimama nyuma ya bega lake, akitazama kiooni na kuiga mkono kwa mkono, kwanza kwa kipande cha kanga, halafu kwa ile tai ya bluu iliyokwisha shonwa, asubuhi kumi na mbili mfululizo. Asubuhi ya kumi na tatu Mzee Abdulrahmani aligeuka, akamkagua, akampiga kofi dogo kifuani, akasema, "Nenda, imekaa." Maneno hayo mawili baba aliyabeba mpaka mwisho wa maisha yake, na wengi wenu hapa mmeyasikia kwa masikio yenu.

Machi 1977 aliajiriwa kama fundi wa mashine hizo hapa Kitomanga, akahamia na mama, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na Mungu akawajalia watoto watatu, Klementi mwaka 1978, Benjamin mwaka 1981 na mimi mwaka 1984, pamoja na wajukuu wanane. Kazini alikuwa mtu wa vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, kuanzia nywele hadi kandambili, lakini Jumamosi asubuhi baraza la nyumba yetu lilijaa watu na tai zao, bwana harusi wa Kiislamu aliyetaka kubadili kanzu kwa suti jioni, kijana wa kipaimara, mhitimu wa mahafali, mtu anayekwenda kwenye usaili, mgombea udiwani, hata wagombea wawili wa vyama viwili wakikaa benchi moja bila kusemeshana, wote wakingoja shingo ya Mzee Sipriani. Nasema shingo kwa sababu ndivyo alivyojifunza, nyuma ya bega la mtu, hivyo hakuweza kabisa kufunga tai kwenye shingo ya mwingine, ukimsimamisha mbele yako mikono yake ilipotea, ilimlazimu aifunge kwanza shingoni mwake, aikaze, ailegeze, aitoe kichwani, ndipo akuvishe wewe, akupige kofi kifuani na kukwambia uende. Hakuna tai iliyoonekana kwenye sherehe za kijiji hiki kwa miaka arobaini na sita ambayo haikuanzia kwake, na ndiyo maana picha zetu zote za harusi zina fundo la aina moja, na mabwana harusi wetu wote walinukia salfa kidogo.

Mnajua pia tulivyo, mtu akishafungiwa tai haifungui tena, anailegeza na kuitundika kwenye msumari hivyohivyo na fundo lake mpaka harusi nyingine, zipo tai humu kijijini ambazo mafundo yake yana umri mkubwa kuliko walimu wa shule, na mtoto akichezea akalifungua, nyumba nzima inafoka kama ameangusha chungu cha mboga. Baba peke yake ndiye aliyethubutu kuifungua ya kwake kila alipoivua, ile ya bluu, na kila alipoifunga alihakikisha mshono umekaa nyuma, chini ya kola, usionekane na mtu.

Sasa niseme langu, kwa sababu historia isiyo na doa si ya mtu. Mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimwomba baba anifundishe kufunga tai, naye akacheka, akaniambia tai ni mambo ya wanaume, nikamsaidie mama kutwanga, na siku hiyohiyo akawaita kaka zangu awafundishe, wakatoroka kwenda kucheza mpira. Iliniuma, jamani. Iliniuma miaka mingi, hata nilipokuwa mwalimu kule Pande, nikiona tai ya mgeni rasmi ilivyofungwa ovyo moyo ulikuwa unaniwasha, na kaka zangu hawa ninaowapenda, waliokwenda kuishi Dar es Salaam, walikuwa wakija na tai za lastiki, zile za kuvuta na kuachia, na baba akiziita tai za chekechea.

Tarehe 9 Novemba 2023 baba alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali Lindi kwa siku kumi na tisa, akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo, maneno yakitoka vipandevipande na mkono wa kulia ukiwa umelala, nami nikaomba uhamisho, Januari 2024 nikaanza kufundisha hapahapa Kitomanga. Mwezi wa pili alikuja Jafari, mtoto wa jirani yetu Mama Fauzia, na tai mpya mkononi, akisema ndoa yake ni mwezi wa tano na anataka ianze kukaa msumarini mapema, baba akaiweka shingoni kama kawaida, akaanza kwa mkono mmoja, akavuta kwa meno, ikamshinda, na hapo nilimwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza. Jafari alipoondoka, baba alinyoosha mkono wa kushoto akanishika, akahangaika na ulimi wake, akasema, "Nilikunyima." Kisha akaelekeza fimbo kwenye kioo.

Basi nikasimama mbele ya kioo naye ameketi nyuma ya bega langu, tukaanza, nikikosea anagonga sakafu kwa fimbo, nikipatia ananyamaza, na kwa miezi mitatu fimbo ile iligonga sana, maana upande mwembamba ulikuwa unatoka mrefu kuliko mpana, na Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 nilimchelewesha Jafari msikitini kwa saa nzima, nikifunga na kufungua mara nne, Mama Fauzia naomba radhi tena mbele za watu. Ila ya nne ilikaa, na baba akaniagiza nimpige Jafari kofi la kifuani mwenyewe. Kuanzia siku hiyo aliniambia, na akarudia mbele ya mama, kwamba atakapoondoka asizikwe na tai ya lastiki, avishwe ile ya bluu, ifungwe siku hiyohiyo, na mshono usionekane.

Baba alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, kwa shinikizo la damu, mama akiwa amemshika mkono. Jana kaka zangu walifika wamechoka na safari na tai mpya ya lastiki mfukoni, wala siwalaumu, walidhani hakuna atakayeweza, na wazee wakaona mtu aliyelala hafungiki tai, ishonwe tu kwenye kola mambo yaishe. Nikaitoa ile ya bluu sandukuni, nikaiweka shingoni mwangu juu ya kanga ya msiba, ya kwanza ikatoka mkia mrefu, ya pili mshono ukatokea kifuani kabisa, mama akatikisa kichwa, nami nikasubiri fimbo igonge, haikugonga. Ya tatu mama aliukagua mshono kwa kidole chake, mahali palepale alipokata, akasema sawa. Nikailegeza, nikaitoa kichwani, Mzee Anthony akakinyanyua kichwa cha rafiki yake kwa mikono miwili, nikamvisha. Ndiyo sababu ukoo umenipa karatasi hii nisome mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Lindi waliompa baba mwaka mmoja na nusu wa kunifundisha, mafundi wenzake wa mashine, walimu wenzangu walionishikia vipindi, Padre na Sheikh walioketi mkeka mmoja tangu juzi, Mama Fauzia na wanawake wa mtaa ambao hawajazima jiko siku ya tatu leo, na vijana waliochimba kaburi, ambao nimewaona mmekuja na tai zenu zilezile za msumarini, na mafundo yenyewe ni ya mkono wake, sasa nawaambia msiogope kuyafungua, nipo.

Baba, ulimfunga kila mtu tai akaenda kwenye siku yake kubwa, na leo ni yako, nimeifunga shingoni mwangu kwanza kama ulivyokuwa unafanya, mshono uko nyuma na hauonekani, kofi la kifuani nimekupiga kabla hatujafunika, pumzika kwa amani.

Nenda, Baba. Imekaa.