Karisa Asiguse Mdimu Wangu

Nisikizeni wanangu, na wewe Jefwa acha kufutia machozi shuka yangu, sijafa bado, na hata nikifa, Mji wa Kale hautapata tena mwanamume wa kulea mdimu kama mimi. Nyumba ni yenu na mama yenu, kadhi analijua hilo. Linaloniwasha moyo ni ule mti wa uani. Na jirani yetu Karisa.

Karisa alimposa mama yenu kabla yangu, akakataliwa, na tangu hapo haishi kubisha: "Hodi, bi mkubwa, majani yameparara, niwapulizie dawa?" Akapuliza kweli, mimi niko safarini Voi. Dawa yake ya kopo ikaua vile vidudu vyekundu vya madoadoa vinavyokula utitiri, nao utitiri ukarudi jeshi zima, ndimu zikatoka na maganda ya kahawia, yanakwaruza kama magaga ya nyayo za Karisa mwenyewe. Na bado mama yenu akamwekea kahawa. Kwa kashata! Mimi mumewe, kashata mpaka niombe.

Sasa shikeni, asipate sababu ya kuvuka kizingiti hiki. Swabaha binti yangu, ukimaliza kufua, geuza majani utazame chini yake; ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba, ndio utitiri huo. Upige maji ya mpira kwa nguvu, toka chini kwenda juu. Utitiri ukikaidi, twanga majani ya mwarobaini, yaloweke hadi asubuhi, chuja, tia sabuni kidogo, kisha ungoje jua lipoe ndipo unyunyize, usije ukayababua majani. Na wewe Jefwa, utitiri hunenepa kwa vumbi. Mkikwangua kuta kupiga chokaa kabla ya Idi, ufunikeni mti kwanza kwa leso. Chukueni ile aliyoileta Karisa kutoka Biashara Street, mama yenu anayoificha chini ya mto akidhani sijaiona. Hiyo hiyo. Ikale vumbi.

Nipe maji, Swabaha... polepole.

Nani anamchekesha mama yenu huko ukumbini? Ah. Amekuja kumtazama mgonjwa, eti, na mgonjwa niko huku.

Basi sogeeni, sauti inanikimbia. Siku yangu ikifika, mguu wa mbele wa jeneza ashike Karisa. Najua watu hupokezana. Yeye msimpokee, abebe mpaka makaburini, bega limshuke. Nikitoka mlango huu, naye atoke. Mama yenu... mpendeni, mumwekee kashata yeye. Radhi zangu mnazo, wote wawili, Mungu awape macho ya kuona vidogo kabla havijawa vingi.

Na wewe Swabaha, usikae kulia na wanawake. Wakinitoa tu... shika mpira, uoshe mti. Karisa akirudi kutoka kunizika... asikute kazi.