Mirunda Iliyo Nyuma ya Zizi

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Emiliana, niinue kichwa kidogo. Simoni, kaa, najua nje kuna mtu amekuja na gari kuchukua mirunda yangu, miti ya kufungia majukwaa ya ujenzi, na asubiri, mimi ndiye sina muda.

Shamba la alizeti la hapa Iguguno ni la binti yangu Emiliana, aliyenigeuza na kunisafisha bila kununa tangu nianguke, na asije mtu kumwambia mwanamke harithi ardhi. Ng'ombe mtagawana mama yenu akiwepo. Pimamaji na timazi ni vya Bonaventura, mkono wake umetulia. Hayo ni mepesi.

Sasa zito. Mnasema fundi Samweli ameniroga, kwamba tangu nipewe mimi kazi ya kujenga kanisa alibaki na kinyongo, na siku ile alinitazama nikiwa juu ya jukwaa, nikaanguka. Kinyongo alikuwa nacho, nami nilikuwa nacho, tumenuniana miaka kama wake wenza. Lakini nilipolala pale chini, miguu siisikii, kipande cha mrunda uliovunjika kilikuwa mbele ya uso wangu, nje gamba zima, ndani udongo wa mchwa mtupu. Niliwaambia hospitalini, mkasema baba anaweweseka. Na huyo mchawi wenu ndiye aliyefika wa kwanza, akawakemea vijana waliokwisha kunishika mikono na miguu: "Mwacheni, mtammaliza mgongo! Leteni ubao." Alipokuja kunijulia hali mkamfukuza uani. Nimeona aibu, wanangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nanyi mnakitafuta kwa jirani.

Mirunda iliyobaki nyuma ya zizi ililala chini mvua ile ile pamoja na ule uliovunjika, ikaliwa na mchwa wale wale. Nawe Simoni umeikodisha kwa ghorofa la Nduguti, na atakayepanda juu yake ni mdogo wako Bonaventura. Kazi mnaijua: mikanda ya usalama inafungiwa stoo, kofia zinatolewa siku ya mkaguzi, anayejifunga kamba anaitwa mwoga, na upepo wetu huu ukilikamata bati mkononi mwako unakwenda nalo na wewe. Ukianguka, mkandarasi anatafuta kibarua mwingine kabla damu haijakauka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyevunjika ni mkuu mwenyewe, basi sikieni upesi.

Naagiza mirunda yote ikatwe kuni, ipikie chakula cha msiba wangu, usibaki hata mmoja wa kuegesha banda la kuku. Samweli aitwe, akae mbele pamoja na ndugu. Bonaventura, ugonge kila mti kabla hujauamini, na ukipanda ujifunge, wakicheka, wacheke.

Lakini nakujua, Simoni. Nikifumba macho utasema marehemu alikuwa mgonjwa, hakujua asemalo. Basi chukua shoka sasa hivi. Wewe, si mdogo wako. Pasua ningali nasikia, uone kilichomo.

Mungu... awape kazi, wanangu, asiwanyime. Na kila apandaye, jioni ashuke kwa miguu yake. Mpendane. Mama yenu msimwache peke yake... Nilaze, Emiliana. Kifua kimebana.

Ametoka? Simoni... baba yangu... pasua. Mbona sisikii shoka?