Maisha ya Alida Ndayikeza, Kama Alivyoruhusu Yasomwe

Tumsifu Yesu Kristo. Padri wetu, wazee, majirani wa Kabazana, na nyinyi wageni mliotoka Kabingo na Mbarara, asanteni kwa kufika. Haya ni maisha ya mdogo wetu Alida. Alipoona siku zake zinakaribia kwisha, alimwita dada yake mkubwa, Émérance, akamwambia yapi yasomwe leo na lipi lisisomwe. Kwa hiyo yote mtakayosikia, mwenyewe aliyakubali. Na kila mtu anayetajwa humu aliulizwa.

Alida alizaliwa Rumonge, Burundi, tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Venuste na marehemu Mama Spéciose. Baba yake alikuwa akikamua mawese, na nyumba yao ilinuka mawese mpaka kwenye mashuka. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mama Spéciose alisimulia kwamba maji yalipomwagwa kichwani mtoto hakulia. Alimkazia padri macho, hata padri akacheka akasema, "Huyu alitaka nimueleze kwanza."

Alisoma shule ya msingi Rumonge, akaendelea na lise, yaani sekondari, Bujumbura, akapata diploma yake mwaka 2004 ingawa vita vilimkatiza masomo mara mbili. Alifanya kazi ya ukarani Bujumbura mpaka vurugu za mwaka 2015. Mwaka huo alikimbia pamoja na baba yake na Émérance, wakapitia Tanzania, na mwezi wa saba Mungu akawafikisha katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Hapa walipewa kiwanja Kabazana, wakapanda maharage na mihogo kama sisi wote.

Mwaka 2016 alipata kazi ya ukalimani kwenye kliniki. Mgonjwa akisema Kirundi, yeye alimgeuzia daktari, na daktari akijibu, alimgeuzia mgonjwa. Hivyo alijua magonjwa ya nusu ya watu mliosimama hapa, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusikia jambo lake likirudi kwa njia ya Alida. Émérance akimuuliza jioni, "Yule mama wa jirani alifuata nini kliniki?" alijibu huku akimenya mihogo, "Dada, mama yule ana mdomo. Muulize."

Sasa inafika habari ya tarehe 15 Agosti 2019, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Mzee Ladislas, mkuu wa jumuiya yetu, ndiye aliyesoma maombi ya waamini siku hiyo. Wote tunamjua Mzee Ladislas: anapenda watu, na anaamini ombi likielezwa vizuri linafika haraka. Akashika kipaza sauti akasema, "Tumuombee muzee wetu Venuste, bawasiri imemushika, hata kukaa hawezi." Kanisa zima liligeuka kutazama kama Mzee Venuste amekaa au amesimama. Alikuwa amesimama. Kwa aibu akakaa, na alipokaa akaruka. Mzee mwenyewe ameruhusu hili lisomwe. Alisema, "Soma tu, ilishapona."

Baada ya misa Alida alimfuata Mzee Ladislas pale nje, kwa adabu.

"Muzee, baba alikuambia uitangaze?"

"Aliniambia mimi, mutoto wangu. Nami nikamuambia Mungu. Kwani mimi na Mungu tuna siri?"

"Wewe na Mungu hamuna siri. Lakini hapo katikati yenu kulikuwa watu mia tatu."

Mzee Ladislas alicheka, na Alida pia, lakini jambo lile lilimkaa moyoni. Kule kliniki akasikia kwamba mwaka uleule Uganda ilikuwa imetunga sheria ya kulinda habari za watu, na kwamba Mbarara kuna chuo kinachofundisha sheria za kompyuta, simu na mambo hayo. Tatizo lilikuwa Kiingereza, maana yeye alisoma kwa Kifaransa. Akajifunza Kiingereza kwanza, akiwasikiliza watoto wa shule na redio, na mwezi wa pili 2022 akaanza chuo, kila Jumamosi.

Wanaosema Kirundi wanajua kwamba kwetu "data" ni baba. Sasa Alida alirudi nyumbani na neno la chuo, akatangaza, "Baba, nimekubaliwa. Ninaenda kusoma kulinda data." Mzee Venuste alivua kofia.

"Mutoto wangu! Ni juu ya ile mambo ya Ladislas?"

"Hapana, baba. Hiyo data si wewe. Ni habari za watu."

"Na mimi si mutu?"

Alida alifikiri kidogo, akasema, "Ni kweli. Na wewe umo."

Basi ikawa hivyo. Mzee aliwaambia watu wote wa senta, pale madukani, kwamba mtoto wake anasoma Mbarara jinsi ya kumlinda yeye, na serikali imekubali. Kila Jumamosi jioni alimsubiri mlangoni na swali moja: "Leo mwalimu alisema nini juu yangu?" Alida alimjibu kwa uaminifu. "Leo tumesoma kwamba hawaruhusiwi kukupeleka nje ya nchi kama huko hakuna ulinzi." Mzee alifurahi. "Leo tumesoma kwamba ukipotea, waliokupoteza lazima watoe taarifa haraka." Mzee alifurahi zaidi. Siku moja akamwambia, "Leo tumesoma kwamba mtu asikuweke muda mrefu kuliko anavyokuhitaji." Siku hiyo Mzee hakula vizuri.

Aliyempeleka Alida Kabingo kila Jumamosi alfajiri, ili apate gari la Mbarara, alikuwa Nasani, kijana wa Kabingo wa bodaboda. Kijana tunamwita kwa heshima, alikuwa na miaka arobaini na miwili, amefiwa na mke, na ana binti mdogo, Ainembabazi. Asubuhi moja Alida aliona kwenye simu ya Nasani picha yake mwenyewe, amekaa nyuma ya pikipiki, anasoma daftari, kofia ya pikipiki imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nyabo, hapo mimi nakosea," Nasani akasema, kwa neno la kwao la kumheshimu mwanamke, na akaifuta mbele yake.

Jumamosi iliyofuata alikuja na shati lililopigwa pasi, kwenye vumbi lile la Nakivale. "Nyabo Alida, leo mimi naomba ruhusa mbili. Moja ya picha. Ingine ya mwenye picha."

"Ya picha nakupa," Alida akamjibu. "Ya mwenye picha, ngoja nisome masharti."

Masharti aliyasoma mpaka mitihani ya muhula ikaisha. Walifunga ndoa takatifu tarehe 8 Julai 2023 katika kikanisa chetu. Mzee Venuste alimwambia bwana harusi, "Huyu nakupa, lakini kazi ya kunilinda anaendelea nayo." Ainembabazi, wakati ule ana miaka kumi na miwili, alibeba maua, akahamia kwa mama yake mpya akiwa na kuku wake watatu.

Alida alihitimu tarehe 25 Oktoba 2024. Mzee Venuste alikwenda Mbarara amevaa koti la harusi yake mwenyewe, akamwonyesha mgeni aliyekaa kando yake: "Unamuona yule mwenye joho? Alisomea mimi."

Elimu hiyo hakuifungia kabatini. Alipita kwenye vibanda vya fotokopi akiomba karatasi za watu zisiachwe mezani. Aliongea na wauza laini za simu. Wageni wakija kuwapiga picha watoto, yeye alikuwa anasogea na kuuliza taratibu, "Mumemuuliza mama yake?" na wengi waliona aibu wakauliza. Kwenye jumuiya alitufundisha hivi: "Habari za mutu ni nyumba yake. Hata mlango ukiwa wazi, unapiga hodi." Mzee Ladislas alijitahidi sana. Jumapili ya kwanza alisoma, "Tumuombee mtu mmoja, Mungu anamjua." Tukaitikia vizuri. Kisha akaona ombi ni dogo, akaongeza, "Anakaa karibu na kisima, ana watoto sita, mume yake ni fundi cherehani."

"Muzee," Alida akamwambia baadaye, "bado kidogo ungemuchora."

Mwezi wa kwanza mwaka huu alianza kuumwa. Alitibiwa hapa kliniki, kisha Mbarara, na madaktari na wauguzi wakafanya waliyoweza, Mungu awabariki. Ugonjwa aliwaambia mume wake, baba yake na Émérance, basi. Alipoacha kula vyakula vigumu, jirani yake Kabanyana alimletea uji wa mtama kila asubuhi, bila kuombwa.

Lakini mnajua kwetu ilivyo. Mtu akikonda na jina la ugonjwa halijulikani, watu wanalitafuta wenyewe, na la kwanza wanalolipata ni sumu. Ikasemwa kisimani, ikasemwa sokoni: uji wa Kabanyana una kitu. Wateja wakaacha kununua nyanya zake. Asubuhi moja alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Alida, uji nimeacha. Nina watoto. Sitaki siku moja watu waje kwangu na mawe."

Alipoondoka, Émérance alimsihi mdogo wake. "Taja jina la ugonjwa, mara moja tu, huyu mama apone midomo ya watu."

Alida alimvuta akae karibu naye. Kisha akasema, "Dada, nikilitaja, kesho watakuja kuangalia ugonjwa. Mimi hawataniona tena. Lakini siwezi kunyamaza na Kabanyana anaumia. Niache nifikiri."

Alifikiri siku mbili. Jumapili tarehe 17 Agosti, Nasani alimleta kanisani kwa pikipiki, polepole kama anabeba mayai, Ainembabazi akitembea pembeni amemshika bega. Misa ilipoisha, watu bado wako uwanjani, Alida alikaa kwenye benchi akaita kwa sauti ambayo hatukujua bado anayo.

"Kabanyana! Uji wangu uko wapi?"

Kabanyana alisogea mbele. Alikuwa ameombwa tangu jana yake aje na thermosi ya uji, lakini hakuambiwa kwa nini.

"Leta. Kikombe kikubwa. Na wewe muzee Ladislas, kuja na chako."

Alikunywa mbele ya watu wote, taratibu, mpaka kikombe kikaisha. Akajifuta mdomo. "Uji huu nakunywa tangu mwezi wa pili," alisema. "Ndio umenifikisha leo. Ugonjwa ni wangu, na Kabanyana hayumo ndani yake, hata kidogo. Anayetaka kujua zaidi apige hodi kwangu." Akatabasamu. "Nitamuambia hapana."

Watu walicheka, na wengine walilia wakicheka. Mzee Ladislas alimaliza kikombe chake, akaomba cha pili, akalalamika kwamba sukari haitoshi. "Kama ni sumu," alisema, "ni sumu ya watu wa kufunga Kwaresima." Mama mmoja akaomba kuonja, kisha mwingine, thermosi ikaisha. Jumatatu nyanya za Kabanyana zilinunuliwa zote kabla ya saa sita.

Alida alilazwa tena Mbarara mwanzo wa mwezi huu. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Nasani na Émérance walikuwa kando yake wakisali Rozari. Muuguzi aliingia, akamuuliza kama anaweza kufungua dirisha. Alida akasema, "Asante kwa kuuliza." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia kwake. Dirisha lilifunguliwa, na kabla ya fungu la mwisho kwisha Bwana alikuwa amemchukua.

Hapa ndipo kwa kawaida tunasoma jina la ugonjwa. Tangu juzi kwenye matanga wengi wamesema tulisome, sasa amekwisha kwenda, haitamdhuru tena. Mzee Venuste alisikiliza wote, kisha akasema, "Aliulizwa akiwa muzima, akajibu. Nyinyi munataka mumuulize mara ngapi?" Kwa hiyo hatulisomi. Tunachosoma ni shukrani, kwa ruhusa yake: kwa Kabanyana, aliyempikia uji mpaka wiki yake ya mwisho nyumbani.

Alida ameacha baba yake, Mzee Venuste. Ameacha mume wake mpendwa, Nasani. Ameacha dada yake, Émérance. Ameacha pia kaka wawili walioko mbali. Simu zao hazikupatikana kuwauliza, kwa hiyo majina yao hatuyasomi, lakini tunaomba muwakumbuke katika sala.

Na Ainembabazi. Yeye aliulizwa jana, akaomba kwanza aone ilivyoandikwa. Ilikuwa imeandikwa hivi: ameacha mtoto mmoja wa kambo. Akasoma, akarudisha karatasi.

"Jina yangu andikeni," alisema. "Lakini hii haiko sawa. Mama alinifundisha, watu wakikuandika vibaya, wewe nasema, wao narekebisha."

Émérance akamuuliza, "Turekebishe nini, mwanangu?"

"Hiyo neno moja."

Tumelitoa. Alida ameacha mtoto mmoja, binti yake, Ainembabazi.

Bwana, mpokee mtumishi wako Alida, umpe raha na mwanga wako, alale salama kwako.