Wasifu wa Mama Dirisha, Mtafiti wa Kifua Kikuu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, nyuma ya kiwanda cha ngozi, katika chumba kisicho na dirisha. Alikuwa kifungua mimba. Aliyemfuata alikufa kwa kukohoa. Majirani wakaambiwa ni homa.

Alisoma shule ya pale pale kiwandani, kisha akaenda sekondari ya bweni na viatu vya mama yake. Mwaka 1978 alipata shahada, akashika swali moja: kwa nini kifua kikuu kinajaa mtaa huu na kuuruka ule. Wakubwa wake wa kazi walisema ni uchafu wa watu. Yeye aliingia vyumbani, akapima hewa, akasema ni vyumba. Walimrudishia ripoti apunguze makali. Akaipeleka vilevile.

Mwaka 1980 alimkuta mwashi mmoja juu ya ngazi, akipiga lipu.

"Fundi, ukuta huu unaweza kutobolewa dirisha?"

"Asubuhi moja tu, dada. Mwenye nyumba anajua?"

"Atajua akiona mwanga."

Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1981. Walitoboa kuta nyingi. Wapangaji walimwita Mama Dirisha. Wenye nyumba walimwita majina mengine, hayasomeki mbele ya watoto.

Agosti 2023 alianza kukohoa. Kilikuwa kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Dawa inayokiweza ilikuwapo hospitali za wenye nacho. Wodi yake iliambiwa isubiri. Aligombana na wagawa dawa kwa simu, akiwa kitandani, akidai dawa ya wodi nzima. Ikaja. Wenzake wa wodini wamepona, wengine wamekaa hapa leo. Yeye ilimkuta mapafu yamekwisha. Alifariki tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Jana mdogo wake wa mwisho alimvuta mume pembeni.

"Shemeji, tuandike aliugua kwa muda mfupi. Watu watatukimbia."

"Dada yako alisema mkiandika hivyo ataamka."

"Shemeji, usifanye utani."

"Yule aliyemfuata mlimwita wa homa. Huyu hapana."

Binti yao akaandika kama baba yake alivyosema: alikufa kwa kifua kikuu. Si aibu yake. Aibu ni ya waliochelewesha dawa, na wanajijua.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu watano, na mdogo wake huyo, ambaye mwishowe alikubali.

Yeye apumzike kwa amani. Wenye nyumba zisizo na madirisha wasipumzike kwanza.