Mbarika Wangu, Ndege ya Waithira

Benchi letu liko Skuta, nje ya kibanda cha kahawa cha Phyllis, na mguu wake mmoja ni jiwe. Mimi hukaa upande wa jua kwa sababu nilifika hapo kabla ya wengine wote. Katikati hukaa Ngatia, tunayemwita Rubani kwa kuwa zamani alilipwa kufukuza ng'ombe kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Mweiga. Mwisho ni Mburu, Daktari, muuza dawa ya kupe. Asubuhi hiyo Phyllis hakuwa na kuni, nikamletea zangu. Nilikuwa nimeukata mbarika wa mwisho nyuma ya nyumba, ule mkubwa wa marehemu mama, pamoja na vichala vyake. Sikutaka kuuona tena. Mbegu zilipasuka motoni kama bisi.

Sababu ni Waithira. Alikuwa jirani yangu, akahamia shamba la mawe kule Endarasha, na siku ya kuondoka aliniomba mbegu apande ua wa kuzuia vumbi. Nilimpa mkebe mzima, tena nikimcheka. Sasa lori linafika mlangoni kwake kununua mbegu za mbarika, zikamuliwe mafuta ya ndege. Jumapili alisimamishwa mbele kanisani, akapigiwa makofi. Ati Ijumaa atapandishwa ndege ya majaribio, azungushwe mlima. Kofia alikuwa nayo mpya.

Ngatia akatueleza kwamba moshi wa ndege unaharibu hewa, ndiyo maana theluji ya mlima inaisha. Mbarika ukikua hula ule moshi. Mafuta yake yakichomwa, yanarudisha uleule ulioliwa, hayaongezi mwingi kama mafuta ya kuchimbwa. Alisema kama aliyeyabuni mwenyewe.

— Na Waithira anakula makofi, nikasema.

— Hiyo mafuta naijua, Mburu akasema. Mama alikuwa anatupatia tumbo ikifunga. Kijiko moja tu, na unakaa choo mpaka kengele ya shule. Sasa ndege ikunywe pipa mzima ikiwa juu ya mashamba ya mchele ya Wang'uru?

— Watu wa mchele hawatanunua mbolea mwaka huo, Phyllis akasema.

Ngatia alikasirika kwa niaba ya ndege. Akasema injini haina tumbo, na kiwandani mafuta hupikwa mpaka yanafanana na mafuta ya taa. Tena haraka haraka haina baraka, ndiyo sababu ndege hiyo itawahi kufika kuliko zingine. Mburu akasema kibaya chajitembeza, na ushahidi ni lori kutembea hadi kwa Waithira. Kidogo kidogo wakawa wanabishana kama ndege zitatua Endarasha zijaziwe mafuta shambani, na kama sura ya Waithira itachorwa mkiani.

— Sura hiyo? nikasema. Abiria watashuka kabla ya kupanda.

— Cucu, wacha wivu, Ngatia akasema, kana kwamba mimi ni nyanya yake.

— Wivu gani? Mbegu ni ya mama yangu. Alikuwa anaikamua apake ngozi za kuvaa, kabla babu ya Waithira ajue mbarika ni nini. Amesimama kanisani nusu saa. Amenitaja?

Phyllis akachochea kuni. Hakunitaja, na wote walikuwa kanisani.

Hapo msichana aliyevaa shati la kiwanda akavuka barabara, daftari mkononi. Mburu akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akamsogezea nafasi. Msichana hakukaa. Akasema anaitwa Kanana, ametumwa na wanunuzi wa mbegu, na anatafuta cucu mmoja wa Skuta. Wote wakanionyesha kwa videvu.

— Waithira mwenyewe ndiye ametuelekeza, akasema. Ametuambia mbegu si yake, ni wewe ulimpatia. Ndiyo iko na mafuta mingi kuliko zote tumepima. Lakini kwake imechanganyika na zile tulimletea, na sisi tunataka ile ya kwanza tupande kila mahali. Amekuombea pia kiti ya Ijumaa, mkae pamoja.

Akafungua daftari, akang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno.

— Cucu, huo mti wa mama yako uko wapi?

Rubani akatazama viatu vyake. Daktari akakoroga kikombe kitupu. Phyllis akasimama mbele ya jiko, akalificha kwa sketi yake. Nyuma yake, mbegu moja ikapasuka.